Barua ya wazi: Kabla trekta halijapita Kambi Mpya, tuhesabieni watu wetu

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, mkonge na nyaraka za nchi hii.

YAH: MAKABURI NA MADAFTARI YA KAMBI MPYA, MUHEZA

Waheshimiwa,

Salaam. Nianze na hesabu mnayoijua. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitishwa Hamburg, ikapakiwa tena melini, na ilipoteremshwa Tanga, iliyokuwa bado hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hiyo 62 tumefundishwa shuleni, tumeisikia kwenye mabanda ya Nanenane, na ni nadra hotuba ya mkonge kwisha bila kuitaja.

Sasa na mimi naomba niulize hesabu yangu. Nyuma ya korona ya zamani, yaani mashine ya kukamulia mkonge, pale Kambi Mpya, wamezikwa watu wangapi?

Nimeliuliza swali hili katika ofisi tatu. Ya kwanza waliniambia niandike barua. Ya pili waliniambia wao wanashughulika na mazao, makaburi si mazao. Ya tatu, kijana mmoja mpole alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akageukia kompyuta yake akaniuliza, "Kwani mama, hiyo kambi ipo kwenye mfumo?" Haipo. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kwa asiyeijua: Kambi Mpya ni kambi ya wafanyakazi wa mkonge, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka relini. Iliitwa Mpya kwa kuwa ilijengwa baada ya nyingine mbili. Hizo mbili zimeshakuwa pori, kwa hiyo Mpya ndiyo kongwe iliyobaki. Nilipokuwa mtoto, miaka ya sabini, zilikuwa safu nane za nyumba za matofali na mabati, kila safu na bomba lake. Leo nyumba zinazofuka moshi jioni ni kumi na tisa. Mabati yamepungua, milango imepungua, na shule niliyosomea ina darasa ambalo mwaka jana lilikuwa na watoto wanne, wawili wao ndugu.

Mwezi wa tatu mwaka huu walikuja wapimaji. Wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, kwa sababu shamba linakatwa vipande lipandwe upya. Kigingi kimoja kimesimama kati ya kaburi la babu yangu na la Mmakua mmoja jirani yake. Simlaumu yule mpimaji. Hakuona kaburi kwa kuwa hakuna cha kuona: mwinuko mdogo, chupa ya soda iliyofukiwa shingo chini, na mti wa maua meupe, yale ya makaburini. Usipokuwa mwenyeji unadhani ni kichaka.

Naomba nieleweke mapema. Hatupingi mkonge kupandwa tena. Lengo la kufikisha tani 120,000 kwa mwaka tumelisikia, na vijana wachache tulionao wanataka kazi kuliko wanavyotaka historia. Mmoja wao, mtoto wa dada yangu, aliniambia usoni: "Mama mdogo, wafu hawalipi ada. Waache walime." Sikumgombeza. Ana watoto wawili na hoja yake si ya kijinga. Lakini ekari tunazozizungumzia hapa hazifiki tatu, katika shamba ambalo ukilizunguka kwa baiskeli unamaliza asubuhi nzima.

Babu yangu alitoka Kasulu mwaka 1949. Aliandikishwa na SILABU, ofisi ya kutafuta vibarua ambayo chama cha wenye mashamba kiliianzisha mwaka 1944, wakati dunia ikiulilia mkonge. Japani ilikuwa imeiteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, Indonesia ya leo, mwaka 1942, kamba za Manila zikawa hazipatikani, na macho yote yakageukia Tanganyika. Wenyeji wa huku, Wabondei na Wazigua, walikuwa na minazi yao na mihogo yao, hawakuona sababu ya kuchomwa miiba kwa ujira ule. Basi watu wakaletwa kutoka mbali: Waha, Warundi, Wabena, Wanyasa, Wamakonde na Wamakua wa upande wa Mreno, Msumbiji ya leo. Kila mmoja akapewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Hadi leo Mtanzania akitaka kumdharau mtu anayefanya kazi ngumu kwa malipo ya kuchekesha, neno analo.

Kipande kimoja cha babu ninacho. Ni karatasi ngumu ya rangi ya ugoro, pembe zimelika, na ina miraba 30. Kila mraba ni siku moja ya kazi iliyokamilika. Siku ya kalenda haikuhesabiwa. Ukiumwa, mraba unabaki mtupu. Ukikata mafungu pungufu, na kila fungu ni majani 30, nyapara hatii alama na jua limekuchoma bure. Mshahara ulitoka miraba ikijaa yote. Katika hiki nilicho nacho kuna alama ishirini na tatu. Bibi aliniambia sababu: ndiyo mwezi mtoto wao wa kwanza alipofariki. Babu alizika asubuhi, mchana akaenda kuomba alama ya siku ile, nyapara akamwambia kuzika si kukata. Siku zilizofuata hakutoka ndani.

Mtoto huyo naye yuko nyuma ya korona. Hakuishi hata arobaini yake ikatimia, na jina lake bibi hakupenda kulitaja, kwa hiyo hatulijui.

Korona, kwa msomaji wa mjini, ni ile mashine ya kukamua majani ya mkonge ibaki singa, yaani nyuzi. Mwaka 2020 redio zilipoanza kutangaza kwamba korona inaua, wazee wa kambini walitazamana. Mzee mmoja asiye na vidole vitatu vya mkono wa kulia akauliza, "Ndiyo wamejua leo?" Tulicheka mpaka tukaona haya.

Kwa hiyo msidhani nailia kambi kama peponi. Watu walifanyishwa kazi hadi mifupa ikalia. Wafanyakazi wa shamba la mkonge la Mazinde walipogoma mwaka 1958, habari zile zilifika kwetu na zikasimuliwa kwa sauti ya chini, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Hata hivyo watu hawa, kwa mikono yao, ndio walioifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio ulioongoza kuiletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 zilizalishwa takriban tani 230,000. Barabara, hospitali na ada za wanafunzi wa kwanza waliokwenda ng'ambo zina singa za mkonge ndani yake. Simwambii mtu atushukuru. Nasema tu hesabu hiyo inajulikana hadi tani, kwa sababu marobota yalikuwa yanahesabiwa.

Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi likiwamo letu yakawa ya umma. Tulipata timu ya mpira yenye jezi na zahanati yenye mkunga. Miaka hiyo ndiyo niliyozaliwa, na naikumbuka vizuri zaidi kuliko pengine ilivyokuwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000, na mashamba yakarudishwa mikononi mwa watu binafsi. Magazetini anguko hilo ni mstari unaoteremka. Kwetu lilikuwa bomba la safu ya nne. Pampu ya shamba ilipozimwa, bomba lilitoa upepo siku mbili, likakohoa kutu, likanyamaza. Mama Mrundi wa mlango wa mwisho aliendelea kutegesha ndoo yake chini yake kila alfajiri kwa wiki nzima. Hakuna aliyemwambia kitu.

Wenye kwao wakaondoka. Waliobaki ni wale ambao kwao palikuwa pameshawasahau. Babu hakurudi Kasulu hata mara moja. Alikuwa akisema ataanza safari kipande kikijaa, hata miaka ambayo vipande vilikuwa havipo tena.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye hoja yangu yote.

Mtu akifa ugenini anazikwa na nani? Kambini jibu lilikuwa utani. Pwani hii, yeyote aliyetoka magharibi aliitwa Mnyamwezi, awe Mnyamwezi kweli au Muha au Mrundi, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwa hiyo akifa Mrundi asiye na ndugu, watani wake Wazigua ndio waliochimba. Na hawakuchimba kimya. Walilala ndani ya kaburi wakidai senti kumi ndipo watoke, walivaa kofia ya marehemu wakaigiza anavyotembea akishalewa, walimtukana kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika mbele yenu waheshimiwa. Kisha walimshusha kwa adabu kubwa, na arobaini yake wakaisimamia wao. Mtu aliyefika hapa akiwa namba alizikwa akiwa na wenyewe.

Sasa isomeni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ni sheria nzuri kuliko watu wanavyodhani. Inataka notisi itolewe, na inamruhusu ndugu wa marehemu kudai gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, hata gharama za matambiko. Lakini ndugu. Ndugu wa Mrundi aliyekuja mwaka 1951 na kufa mwaka 1960 ni nani, na yuko wapi, na tangazo atalisoma gazeti gani? Aliyemzika ni mtani, na mtani sijamwona popote katika sheria ile. Notisi ikibandikwa siku zake zikaisha, itaonekana makaburi hayana mwenyewe, na trekta litapita kihalali kabisa. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko ubaya wa mtu yeyote.

Ukikimbilia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nako unakuta mlango umefungwa nusu. Majengo inayoyalinda yenyewe ni ya kabla ya mwaka 1863, miaka thelathini kabla miche ya Hindorf haijaja. Mlango wa kuchonga unalindwa ukiwa wa kabla ya mwaka 1940. Sina ugomvi na milango, ni mizuri. Ila kambi nzima, pamoja na waliolala nyuma yake, haifui dafu mbele ya kizingiti kimoja cha mjini. Sheria hiyohiyo lakini inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali pengine penye thamani ya kihistoria. Uwezo upo. Haujawahi kufikiriwa kwa kambi yetu kwa sababu hakuna aliyewahi kuiombea, na hii sasa ni ombi.

Halafu kuna madaftari. Kila manamba aliandikwa: jina, kabila, kijiji, namba, siku aliyofika, na akifa, siku aliyofutwa. Madaftari hayo yalikaa katika stoo ya ofisi ya shamba, rafu tatu, na mimi mwenyewe niliyaona nikiwa darasa la tano nilipotumwa kuchukua chaki. Yana majalada ya kijani na harufu ya dawa ya mchwa. Shamba lilipobadilisha mikono, lori lilikuja likapakia samani, mizani na makaratasi. Kuna wanaosema yalikwenda mjini, kuna wanaosema yalifungia karanga sokoni. Karanga za kufungiwa karatasi zenye mistari ya mkono tulizinunua kweli mwaka ule, kwa hiyo siwezi kuwabishia.

Lakini yote hayakwisha. Na tangu mwaka 1967 hadi lilipouzwa, shamba lile lilikuwa la umma, na tuna Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Daftari la shamba la umma ni nyaraka ya umma hata kama limelala kwenye kabati la mtu binafsi. Ninaomba lidaiwe. Hati ya umiliki mpya isitoke kabla mwenye kabati hajaulizwa alicho nacho. Ni swali moja, na anayeomba ardhi ya taifa hashindwi kulijibu.

Mkinijibu kwamba kazi hiyo ni ngumu, nitawaonyesha Mlingano, kituo cha utafiti pale Ngomeni, wilaya hiihii. Wataalamu wa mkonge wako pale tangu miaka ya 1930. Wao ndio waliotuzalishia ule mkonge chotara uitwao 11648, na ukoo wake unajulikana: upande mmoja ni jamii ya mkonge iliyopewa jina la Amani, kule kwenye milima ile tunayoiona kutoka kambini asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Bibi yake na babu yake wameandikwa. Nawapongeza kwa dhati, hiyo ndiyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Lakini tazameni: mmea una namba na una ukoo. Babu yangu alikuwa na namba tu.

Ninachoomba basi ni hiki. Kigingi kile king'olewe, na kabla bloki hilo halijalimwa, eneo la makaburi lipimwe kwa mipaka yake na liandikwe kwenye ramani kuwa makaburi, si "eneo lisiloendelezwa" kama nilivyoona kwenye ramani ya wapimaji. Tukubaliwe, sisi tuliozika na watoto wa waliozika, kusimama mahali pa ndugu kwa mujibu wa ile sheria ya 1969. Na madaftari yatafutwe. Suala la kaya kumi na tisa, kwamba tunaishi kwenye nyumba zisizo zetu juu ya ardhi isiyo ya kijiji chochote, nalo ni kubwa, lakini mwenyekiti wetu ameshawaandikia mara mbili na sitaki kumwingilia.

Sikukaa kuwasubiri. Mwezi wa nane tulianza kuhesabu wenyewe. Wazee wanne, mimi, na yule mtoto wa dada yangu aliyesema wafu hawalipi ada. Alikuja siku ya pili na panga lake bila kuitwa, na hatukuzungumza juu ya hilo. Tulikata milingoti ya mkonge, tukaichonga ncha, tukaipaka chokaa, na kila kaburi tukalichomekea mmoja. Mzee mmoja mwenye miaka themanini na nne alikuwa anatembea mbele akigusa ardhi kwa fimbo: hapa yupo, hapa yupo, hapa hapana, hapa walikuwa pacha.

Tumefika 214. Wenye majina ni 88. Waliobaki niliwaandika kama mzee alivyowataja, kwa sababu ndicho kilichopo: Mrundi wa brashi. Mke mdogo wa nyapara. Mnyasa mpiga zeze. Yule aliyeumwa na nyoka Ijumaa. Mtoto wa safu ya tano, na mwingine wa safu ya tano. Aliyekuja jioni akafa asubuhi.

Daftari ni la shule, kurasa 96, na nakala yake nimeiacha kwa sheikh na nyingine kwa katekista, maana humo nyuma ya korona wamechanganyika.

Mkitaka kuja, na ninaomba mje, msipite njia ya korona, daraja lake limeliwa na mafuriko. Fuateni tuta la reli ya toroli mpaka mwembe mkubwa. Palikuwa pananing'inia kipande cha reli hapo, ndiyo ilikuwa kengele ya kuamsha watu saa kumi na nusu alfajiri, na baadaye kengele ya msiba. Walikiiba wa vyuma chakavu. Waya wake bado upo, mtauona. Ukisimama chini yake ukatazama kusini, milingoti myeupe inaonekana yote. Njooni kabla vuli haijachanganya, kwa sababu chokaa tuliyonunua ni ya bei rahisi na mvua kubwa moja tu itaiosha.

Wenu,
Mjukuu wa manamba,
Kambi Mpya, Muheza